Kengele Shingoni mwa Mtoto

Umezuka mtindo katika Jiji la Dodoma na katika miji mingine ya nyanda za kati, nao unaenea upesi miongoni mwa watu ambao ilitazamiwa wawe wa mwisho kuupokea, yaani watumishi wa serikali na walimu. Mtindo wenyewe ni wa watu wa nyumba moja kufungamanishwa kwa programu ya simu inayomwonyesha kila mmoja wao kuwa nukta juu ya ramani. Mume aliyeko ofisini Mtumba huitazama nukta ya mkewe aliyeko Dar es Salaam. Mama huitazama nukta ya kijana wake aliye chuoni. Nukta ikisogea, simu inalia. Nukta ikisimama mahali isipotazamiwa, maswali yanaanza. Programu hizi zinatangazwa kwa jina zuri sana la usalama wa familia, na wengi wanaozipokea hawana nia mbaya hata kidogo. Wana hofu tu, na hofu ni mteja anayelipa bila kuuliza bei.

Hofu hiyo ina asili yake, wala si haki kuidharau. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulitekelezwa kwa kusuasua miaka mingi, hadi mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhama kwa dhati, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji na sheria ikapitishwa ya kuitambua kuwa makao makuu. Uamuzi ulikuwa sahihi na utabaki sahihi. Lakini upo upande mmoja wa uhamisho ambao haukuingia katika hesabu ya posho ya kujikimu wala ya kusafirisha mizigo, nao ni upande wa ndoa na malezi. Mtumishi alihama, mwenzi wake mwenye kazi au biashara Dar es Salaam alibaki, watoto waliokuwa katikati ya masomo walibaki. Zipo nyumba ambazo kwa miaka kadhaa zimeishi kwa simu tu, na baba huonekana mwisho wa mwezi. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imepunguza saa za safari, lakini haikuziondoa kilomita zipatazo 450 zilizo kati ya kitanda cha huyu na kitanda cha yule. Kwa walimu jambo hili ni la zamani zaidi: mke kupangiwa Kondoa na mume kupangiwa Mpwapwa halikupata kuwa habari ya kushangaza.

Ni katika pengo hilo ndipo mfanyabiashara wa ng'ambo alipoona soko.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, maana wengi hudhani kwamba mume na mke wanatazamana moja kwa moja, kama watu wawili wa madirisha yanayoelekeana. Sivyo. Setelaiti zilizo angani hazimwoni mtu yeyote. Hutoa ishara tu, na simu huzipokea ishara hizo na kupiga hesabu ya mahali ilipo. Hadi hapo siri bado ni ya mwenye simu. Programu ndiyo inayoichukua hesabu hiyo, kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana, na kuipeleka kwenye kompyuta za kampuni iliyoitengeneza, ambazo kwa kawaida ziko nje ya nchi. Kampuni huipokea na kuihifadhi, kisha ndipo inapompelekea mume nukta yake. Kwa hiyo mume si wa kwanza kujua mkewe yuko wapi. Ni wa pili. Wa kwanza ni mtu asiyejulikana jina wala sura, na huyo haoni nukta ya leo tu. Analo daftari zima la saa mtoto anapoamka, njia anayopita, nyumba anayolala wakati wa likizo, zahanati aliyopelekwa, msikiti au kanisa analosali. Na bando linalosafirisha habari hizo hununuliwa na familia yenyewe.

Kampuni hulifanyia nini daftari hilo? Hapa hakuna haja ya kukisia. Desemba 2021 gazeti la mtandaoni la The Markup la Marekani lilifichua kwamba kampuni ya Life360 ya California, ambayo programu yake ya kuonyeshana mahali ilikuwa ikitumiwa na watu wapatao milioni 33 duniani, ilikuwa ikiwauzia madalali wapatao 12 taarifa za mahali walipo watumiaji wake, watoto wakiwamo. Kwa mwaka 2020 biashara hiyo iliipatia dola milioni 16, karibu moja ya tano ya mapato yake yote. Wazazi walikuwa wamejiunga ili wajue kwamba watoto wamefika salama. Kumbe kila mtoto aliyefika salama alikuwa ameuzwa njiani. Januari 2022 kampuni ikatangaza kwamba inaachana na sehemu kubwa ya uuzaji huo. Tangazo lilikuja baada ya kufichuliwa, si kabla.

Wazee watakumbuka mwaka 1983, Serikali ilipowaandama walanguzi na wahujumu uchumi waliokuwa wakificha sukari, sabuni na nguo huku wananchi wakipanga foleni. Mlanguzi wa wakati ule alihitaji stoo, na stoo iliweza kupekuliwa. Alihitaji lori, na lori liliweza kusimamishwa barabarani. Dalali wa taarifa hahitaji vyote hivyo. Bidhaa yake haiozi wala haiishi. Anaweza kuiuza asubuhi, akaiuza tena mchana, na aliyeibiwa haoni kwamba kitu chochote kimepungua nyumbani kwake. Mrija wa namna hii haukupata kuwako katika siku za unyonyaji wa pamba na mkonge.

Wala si programu za familia peke yake. Novemba 2020 ilijulikana kwamba Muslim Pro, programu ambayo mamilioni ya Waislamu duniani waliitumia kujua nyakati za swala na upande wa kibla, ilikuwa ikiipatia taarifa za mahali kampuni ya X-Mode ya Marekani, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la nchi hiyo. Mtu aliuliza saa ya alasiri. Akajibiwa, na mahali aliposimama akiuliza pakaandikwa na kuuzwa. Uhusiano huo ulikatwa habari zilipotoka, lakini ilichukua hadi Januari 2024 ndipo Tume ya Biashara ya Marekani ilipomzuia dalali huyo kuuza habari za mahali nyeti. Kabla ya hapo, Januari 2018, ramani iliyochapishwa na Strava, programu ya watu wafanyao mazoezi ya kukimbia, ilikutwa ikionyesha kambi za kijeshi za Marekani katika nchi kama Syria na Afghanistan, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia asubuhi hali vyombo vyao vinaandika kila hatua. Hakuna jasusi aliyetumwa.

Mtumishi wa wizara aliyeko Mtumba na alifikirie jambo hilo kwa utulivu. Nukta yake hutoka kazini jioni, hulala Ilazo au Nkuhungu, Ijumaa hupanda treni. Anayeisoma kwa mwezi mmoja anajua ofisi yake, nyumba yake, na usiku ambao nyumba hiyo inabaki na msichana wa kazi na watoto wawili. Mtumishi huyo huyo anaufunga waraka wa siri katika kabati la chuma kwa kufuli mbili, kisha anatembea na kitu mfukoni kinachotangaza kila nyendo yake kwa watu asiowajua.

Wafugaji wa nyanda hizi wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Ng'ombe anayetangulia kundi huvikwa kengele, ili mchungaji asikie wanyama wako upande gani wa vichaka. Kengele ni kitu chema. Lakini mfugaji wa Bahi au Chamwino anajua pia kwamba fisi ana masikio, na mwizi vile vile. Tena anajua kwamba kengele ilifungwa kwa faida ya mwenye ng'ombe, na ng'ombe hakuulizwa. Hilo halimsumbui, wala halipaswi kumsumbua, kwa sababu ng'ombe ni mali yake. Mtoto si mali. Mke si mali. Na anayemvika binadamu kengele bila kumuuliza amekwisha amua, hata kama hakulisema kwa mdomo, yule binadamu yuko katika zizi gani.

Watetezi wa programu hizi watajibu kwamba uhai wa mtoto ni bora kuliko siri yake. Hoja hiyo ina uzito, hasa baada ya mwaka 2024, habari za watoto kutoweka zilipoenea mitandaoni, nyingine za kweli na nyingine za uvumi, na wazazi wengi wakakosa usingizi. Basi na ipimwe kwa mambo yalivyo hapa, si kwa matangazo yaliyopigwa picha katika mitaa ya Marekani. Shule za nchi hii haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na walimu wanaoyasoma haya ndio wanaozikamata. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku nukta ya mtoto iko kabatini au haipo kabisa. Katika sehemu nyingi za mashambani mtandao hukatika mtu akishuka bondeni, na mtandao ukikatika programu huendelea kuonyesha mahali pa mwisho ilipopata habari, na saa ya habari hiyo huandikwa kwa herufi ndogo ambazo mwenye hofu hazisomi. Mama anaiona nukta imetulia penye mbuyu, anamshukuru Mungu, kumbe mtoto alikwisha ondoka hapo saa mbili zilizopita. Yawezekana pia iliyotulia penye mbuyu ni simu tu, imetupwa. Na yule mtoto mdogo mwenye ualbino ambaye mauaji yake yaliitia nchi simanzi, wilayani Muleba mwaka 2024, alinyakuliwa nyumbani kwao. Ramani ambayo ingemwonyesha kuwa yuko nyumbani ingekuwa imesema kweli, na isingemfaa kitu.

Wengine wamezikimbilia saa za mkononi za watoto, zenye kifaa cha kufuatilia mahali. Oktoba 2017 Baraza la Watumiaji la Norway lilizichunguza saa za aina hiyo, likakuta kwamba katika baadhi yake mgeni aliweza kujiunganisha na saa, akamwona mtoto alipo, na hata kuzungumza naye. Mwezi uliofuata Ujerumani ilipiga marufuku uuzaji wa saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri, na wazazi waliokuwa nazo wakatakiwa waziharibu. Nchi zenye viwanda, wahandisi na mahakama tele ziliviona vitu hivi kuwa hatari kwa watoto wao, na zikasema hivyo hadharani. Haifai vitu vya namna hiyo vipokewe hapa kama maendeleo.

Anayemlinda mtoto wa Dodoma ni kondakta wa daladala anayemjua kwa sura, mama ntilie wa karibu na geti la shule, mwalimu wa zamu anayesimama kando ya barabara mpaka wa mwisho avuke, na jirani anayeuliza, "Wewe mtoto wa nani, mbona uko huku?" Watu hao hawahitaji kuchajiwa. Chama kilipoanzisha mfumo wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, balozi alipewa wajibu wa kuwajua wakazi wa shina lake na kumjua mgeni aliyeingia. Wapo waliomlalamikia balozi kwa udadisi, na mara nyingine walilalamika kwa haki. Wapo mabalozi waliougeuza ubalozi kuwa umbeya. Lakini balozi alikuwa mtu. Alikuwa na uso na nyumba inayojulikana, aliweza kuulizwa mbele ya mkutano kwa nini amesema alilolisema, na akizidi waliomchagua waliweza kumwondoa. Isitoshe, balozi alisahau. Kosa la kijana wa mwaka juzi lilimpotea kichwani, kijana akakua, akaoa, akaheshimiwa. Kompyuta ya kampuni haina neema hiyo, na hakuna mkutano wa kuihoji.

Sasa na ufunguliwe mlango wa ndani, kwa kuwa huko ndiko jambo hili lina uchungu zaidi, na ndiko ambako waungwana hawapendi kutazama. Programu hizi huitwa za familia, kana kwamba familia haina mwenye nguvu na mnyonge. Katika nyumba nyingi, ni nani aliyenunua simu zote mbili? Ni nani anayelijua neno la siri la kila mtu, na la kwake halijui mtu? Huyo ndiye atazamaye, na wengine ndio watazamwao. Utafiti wa taifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Kwa mwanamke wa namna hiyo nukta si ulinzi. Siku atakapotaka kukimbilia kwa shangazi yake Manyoni, au kulifikia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, nukta itafika kabla yake. Akiizima, kule kuizima ndiko kunakokuwa kosa: "Ulizima kwa nini? Ulikuwa unaficha nini?" Programu iliyonunuliwa kwa jina la usalama inakuwa shahidi wa mpigaji.

Bunge lilikwisha tamka tangu mwaka 1971, katika kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Mwaka huo huo Mwongozo wa TANU uliwakemea viongozi wenye majivuno, wapuuzao na kuwaonea wale wanaowaongoza. Ni ajabu basi kwamba mtu aliyefundishwa hayo katika semina, ambaye ofisini huwaita walio chini yake "ndugu" na kuwapa nafasi ya kujieleza kabla ya kuwachukulia hatua, akifika nyumbani hugeuka kuwa askari wa doria, na mkewe humtendea kama mtu aliye nje kwa dhamana.

Yapo mabishano ya vijiweni kwamba wake ndio wafaidikao zaidi, eti waume waliopelekwa Dodoma peke yao wana mambo mengi. Hoja hiyo hata kwa mzaha haisimami. Mume aliyekusudia kudanganya huiacha simu ofisini ikichaji, akaenda zake; nukta inashuhudia kwamba yu kazini, mchapakazi hodari. Anayenaswa ni yule mwaminifu aliyechelewa kikaoni, ambaye simu yake ilipotea mtandao kwa dakika arobaini, naye anapofika nyumbani hukuta kesi imekwisha sikilizwa na hukumu kuandikwa.

Ipo kauli nyingine inayorudiwa sana, kwamba asiye na la kuficha hana sababu ya kuogopa. Kauli hiyo si ngeni katika Afrika Mashariki. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1919 na 1920, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika wenye umri wa kuanzia miaka 16 kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na habari za mwajiri, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Nao pia waliambiwa kwamba mtu mwema hana hasara kwa kujulikana. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande mapema kabisa, katika miaka ya 1921 na 1922, na hawakukipinga kwa sababu walikuwa wezi waliotaka kujificha. Walikataa kwa sababu binadamu huru hana wajibu wa kumwonyesha kila mtu alikotoka na aendako. Tofauti iliyopo ni kwamba kipande kililetwa kwa nguvu, na huyu wa sasa analetwa na baba mwenye mapenzi, akiwa amefungwa utepe kama zawadi ya kufaulu mtihani.

Walimu, kuliko watu wote, wanajua hasara yake katika malezi. Mtoto anayetumwa dukani na fedha mkononi hujifunza uaminifu kwa sababu angeweza kutorudi, au kurudi na chenji pungufu, naye akachagua kurudi nayo kamili. Akitumwa huku anatazamwa hatua kwa hatua, hajachagua kitu. Amejifunza tu kwamba anatazamwa, na somo la pili atakalojifunza ni jinsi ya kutotazamwa. Kijana aliyeko Chuo Kikuu cha Dodoma akiwa na miaka 20 ni mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikoma kumhusu alipotimiza miaka 18. Mzazi anayemlipia ada ana haki ya kuulizia matokeo ya mitihani. Hana haki ya kujua kwamba saa tatu usiku kijana alikuwa Ng'ong'ona. Kama malezi ya miaka 18 hayakumfundisha, ramani haitamfundisha.

Hapa wengine watauliza mbona mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia, na Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri Ardhini, yaani LATRA, huutazama mwendo wake, na kila mtu anafurahi. Naam, na ni haki wafurahi. Basi ni chombo cha kuchukua abiria kwa leseni ya umma. Dereva anajua kwamba kifaa kipo na kwa nini kipo. Anayetazama ni mamlaka iliyoundwa kwa sheria, na kinachotazamwa ni mwendo wa gari, si maisha ya dereva akisha kushuka. Anayeleta mfano huu ameleta ushahidi dhidi yake mwenyewe, maana katika mambo yote hayo programu ya familia haina hata moja.

Vile vile hakuna ubaya kwa mtu anayesafiri usiku kutoka Singida kumwonyesha mkewe njia yake kwa saa moja au nane kupitia WhatsApp, kisha ikazimika yenyewe. Huyo ametoa mwenyewe, kwa mtu aliyemchagua, kwa muda aliouweka, na muda ukiisha jambo limekwisha. Mama anayempeleka mgonjwa hospitali ya Benjamin Mkapa akamtumia ndugu yake mahali alipo amefanya jambo la busara. Linalopingwa ni kengele isiyofunguliwa, inayofungwa na mwenye nguvu, ambayo sauti yake inauzwa.

Na si kwamba nchi haina sheria. Ibara ya 16 ya Katiba, ambayo iliingia pamoja na haki nyingine za msingi katika mabadiliko ya mwaka 1984, inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Inasema kila mtu. Haikusema kila mwenye nyumba. Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na halali, zisitumiwe kwa lengo jingine, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Hiyo ni sheria nzuri. Lakini mzazi wa Dodoma anayebonyeza neno la kukubali chini ya kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, ambazo hata wakili hazisomi, amekubali nini? Amezitoa taarifa za mtoto wake kwa niaba ya mtoto, na hawezi kueleza amezitoa kwa nani. Mtoto huyo akifika miaka 25 na kuuliza nani aliyeandika kila njia aliyopita tangu darasa la tatu, jibu litakuwa ni baba.

Tume basi inayo kazi, na haipaswi kungoja mlalamikaji. Kila kampuni inayotaka kukusanya habari za mahali walipo Watanzania na iambiwe iweke masharti yake kwa Kiswahili, kwa urefu ambao mtu anaweza kuusoma akiwa amesimama. Itaje kwa majina wale inaowapa taarifa. Na iweke njia ya mtu kujitoa bila mwenye kikundi kupigiwa kengele kwamba fulani amejitoa. Sharti hili la mwisho ndilo litakalookoa watu. Kampuni itakayoona masharti hayo ni mazito itakuwa imekwisha eleza biashara yake ni ipi.

Kwa upande wa kazini, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, inaweza kutamka mapema, kabla mkuu wa idara mwenye bidii isiyo na mipaka hajawaza kuwatazama watumishi wake kwa nukta, kwamba mahudhurio hupimwa kwa daftari na kwa kazi iliyofanyika. TAMISEMI kwa upande wake inaweza kuwaelekeza walimu wakuu waliweke jambo hili katika mikutano ya wazazi, pamoja na ada na chakula cha mchana, na walimu waseme wanayoyajua. Nyaraka mbili zenye kurasa mbili mbili zatosha. Hazihitaji fungu la maendeleo, na ofisi zinazopaswa kuziandika ziko Mtumba, katika mji mmoja wa Serikali.